Mbwa wa Lango na Mwenye Nyumba: Mweleze Mtoto Wako Kuhusu Hisia Zake



Wahenga walisema kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Methali hii hutajwa mara nyingi katika mafundisho ya wachumba na ya wanandoa, nasi hutikisa vichwa kwa kukubali, kisha tukaenda zetu nyumbani. Lakini je, tumewahi kujiuliza nyasi huumia vipi? Mtoto anayewasikia baba na mama wakigombana hana kidonda cha kufungwa bandeji. Asubuhi anavaa sare yake, anakunywa chai na kwenda shule kama kawaida. Kisha siku moja mwalimu anawaita wazazi na kuwaambia kwamba mtoto wao anapigana na wenzake, au hasikilizi darasani, au analia bila sababu.

Maneno haya, "bila sababu", ndiyo tunayotaka kuyachunguza leo. Sababu kwa kawaida huwapo. Ila imo ndani ya mtoto, mahali asipoweza kupaona, na ambapo hakuna aliyemfundisha kupataja. Sisi wazazi humfundisha mtoto kunawa mikono, kuamkia wakubwa na kuvuka barabara. Ni wachache kati yetu waliowahi kuketi naye na kumweleza kinachotokea ndani ya kichwa chake anapokasirika au anapoogopa.

Somo letu la leo lina sehemu mbili. Kwanza tutaona jinsi ubongo unavyozishughulikia hisia. Pili tutaona jinsi ya kumweleza mtoto jambo hilo kwa lugha anayoielewa. Na neno kuu la kushika ni hili: mtoto hujifunza kujituliza kwa kutulizwa kwanza, tena mara nyingi, na wakubwa wake.

HISIA HUKAA WAPI?

Kiswahili chetu huziweka hisia karibu kila mahali mwilini isipokuwa kichwani. Mwenye huzuni husema moyo wake ni mzito. Aliyetukanwa husema maneno yale yalimkata maini. Mwenye wasiwasi, roho yake iko juu juu, na anayengoja matokeo ya mtihani ana tumbo joto. Wazee wetu hawakukosea. Waliangalia mwili wakaona kwamba kila hisia ina mahali inapojionyesha.

Hata hivyo, kazi ya kuitambua hatari na kuuamuru mwili ujibu hufanyika katika ubongo. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4 tu, yaani sehemu 2 hivi katika kila 100 za uzito wa mwili. Lakini hutumia karibu sehemu 20 katika kila 100 za nguvu zote ambazo mwili unatumia ukiwa umepumzika. Basi si ajabu kwamba mtoto mwenye njaa hukasirika upesi.

Ili tuelewe vizuri, hebu tuwazie boma lenye lango, mbwa, na mwenye nyumba.

MBWA WA LANGO

Ndani kabisa ya ubongo, upande wa kulia na upande wa kushoto, kuna visehemu viwili vidogo viitwavyo amigdala. Jina hilo linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya lozi, kwa sababu vina umbo kama la lozi. Hao ndio mbwa wetu wa lango. Mojawapo ya kazi zao ni kuangalia kila kinachoingia na kubweka upesi wakihisi hatari.

Mtaalamu mmoja wa New York, Joseph LeDoux, aliandika kitabu mwaka 1996 akieleza mambo aliyoyagundua kwa kuchunguza panya. Alionyesha kwamba habari za hatari zinaweza kuifikia amigdala kwa njia mbili. Iko njia ya mkato, ambayo ni ya haraka lakini haioni vizuri. Na iko njia ndefu, inayopitia sehemu za juu za ubongo, ambako jambo huchunguzwa kwa makini. Ndiyo sababu mtu huruka anapoona kamba njiani usiku, kisha baadaye ndipo anapotambua kwamba hakuwa nyoka. Mwili uliruka kabla akili haijafika.

Mbwa akibweka, amri hupelekwa mwilini. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi hukimbia, viganja hutoa jasho, na damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa ya miguu na mikono ili mtu aweze kupigana au kukimbia. Kazi ya tumbo hupunguzwa. Mtoto anayesema "Mama, tumbo linauma" asubuhi ya mtihani huenda hasemi uongo hata kidogo. Baadaye homoni nyingine, iitwayo kotisoli, hupanda polepole na kufikia kilele chake baada ya dakika 20 hadi 30 hivi. Kwa hiyo mtoto aliyeshtuka hawezi kuzimwa kama taa. Ukimwambia "Nyamaza sasa hivi!" unaudai mwili wake jambo ambalo mwili wenyewe bado hauliwezi.

Yafaa kuongeza kwamba mbwa huyu si mbaya. Boma lisilo na mbwa huibiwa. Mwaka 1994 wataalamu huko Marekani walitoa taarifa ya mwanamke mmoja ambaye amigdala zake zote mbili ziliharibiwa na ugonjwa. Mama huyo alishindwa kuitambua hofu katika nyuso za watu, na uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba haogopi nyoka wala buibui. Tukisikia hivyo twaweza kumwonea wivu, lakini maisha yake yamekuwa na hatari nyingi, kwa kuwa hana wa kumbwekea mapema.

MWENYE NYUMBA

Nyuma ya paji la uso iko sehemu ya mbele ya ubongo. Huyu ndiye mwenye nyumba. Anaposikia mbwa akibweka, hutoka nje na kuangalia. Akikuta ni mwizi, huchukua hatua. Akikuta ni shangazi amekuja na kikapu cha ndizi, humwambia mbwa, "Tulia, huyu ni mgeni wetu." Kufikiri kabla ya kutenda, kungoja zamu, kujizuia, kukumbuka kwamba "huyu ni ndugu yangu, sipaswi kumpiga", hizo zote ni kazi zake.

Umuhimu wa sehemu hiyo ulianza kuonekana zamani. Mwaka 1848, katika jimbo la Vermont huko Marekani, msimamizi wa kazi za reli aitwaye Phineas Gage alipatwa na ajali ya baruti. Fimbo ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita moja iliingia chini ya shavu lake la kushoto ikatokea utosini. Ajabu ni kwamba hakufa. Lakini daktari wake aliandika kwamba mtu huyo aliyejulikana kwa utulivu alikuwa sasa mwepesi wa hasira, mwenye matusi, asiyeshika mpango wowote. Mwenye nyumba alikuwa amejeruhiwa. Lakini si mwisho wa habari. Baadaye Gage aliendesha magari ya farasi nchini Chile kwa miaka kadhaa, kazi inayohitaji uangalifu, na kwa sababu hiyo wachunguzi wengi hufikiri kwamba alijifunza upya mengi kabla ya kufa mwaka 1860.

Sasa, wazazi, tusikilize kwa makini. Mtoto akifikisha miaka 6, ubongo wake huwa umefikia kama sehemu 90 katika 100 za ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kwa kuuangalia ukubwa tu, ungedhani kazi imekwisha. Lakini sehemu ile ya mbele huendelea kukamilishwa mpaka mtu apite miaka 20, hata kukaribia 25. Yaani mbwa wa mtoto amezaliwa akijua kubweka, lakini mwenye nyumba bado ni mdogo na mlango ni mzito kwake. Mtoto wa nasari anayejitupa chini kwa sababu kikombe chake kimepewa mwingine hakudharau. Mbwa amebweka, na mwenye nyumba hajaweza kutoka nje. Ni nani basi atakayemtuliza mbwa? Ni mwenye nyumba wa jirani, yaani wewe mzazi.

Mfano ni mfano tu, bila shaka. Katika ubongo hakuna chumba cha hasira, chumba cha furaha na chumba cha huzuni. Sehemu nyingi hufanya kazi pamoja katika kila hisia, na amigdala zenyewe hushughulika pia na mambo ya kupendeza. Lakini kwa mtoto, mfano huu unatosha kumwanzisha.

MBWA MMOJA AKIBWEKA USIKU

Kila aliyelala kijijini anajua kwamba mbwa mmoja akibweka usiku, wa jirani humwitikia, na kabla ya dakika kupita kijiji kizima kinabweka. Wengi hawajui hata walichokibwekea. Nyumbani mwetu ni vivyo hivyo. Mbwa wa baba akibweka, wa mama humjibu, na wa mtoto hubweka kuliko wote.

Wazazi wengi hujifariji wakisema, "Tuligombana, lakini watoto walikuwa wamelala." Mwaka 2013 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walitangaza jambo la kutufikirisha. Waliwapima ubongo kwa mashine watoto wachanga 20 wenye umri wa miezi 6 hadi 12, wakiwa wamelala usingizi. Walisikizishwa sauti ya mwanamume akisema maneno yasiyo na maana, mara kwa sauti ya hasira, mara ya furaha, mara ya kawaida. Ubongo wa watoto uliitikia tofauti kwa kila sauti, ingawa walikuwa usingizini. Na wale waliotoka katika nyumba zenye ugomvi zaidi, ubongo wao ulishtukia zaidi sauti ya hasira kali, katika sehemu zinazohusika na mfadhaiko na hisia. Watoto walikuwa wachache, kwa hiyo tusiligeuze jambo hili kuwa sheria. Lakini tusilipuuze pia. Ukuta wa mabati au pazia la katikati ya chumba havimkingi mtoto.

Wako na wengine ambao hawapazi sauti kamwe. Wao hununiana. Wiki nzima baba hutuma mtoto: "Mwambie mama yako nataka maji." Mnamo miaka ya 1970 mtaalamu Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha kwa dakika chache wakaze uso bila kucheka wala kusema. Mtoto alitabasamu, akanyosha mikono, akajaribu kila njia kumrudisha mama yake, na aliposhindwa akageuka upande na kusononeka. Kumbe uso uliokauka nao humfanya mbwa abweke.

Je, basi wanandoa wasitofautiane kamwe? Hilo haliwezekani, na watoto hawahitaji wazazi wasiotofautiana. Mtaalamu E. Mark Cummings wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, amechunguza jambo hili kwa miaka mingi. Aliona kwamba watoto hufadhaika kidogo zaidi au kingi zaidi kulingana na jinsi ugomvi unavyokwisha. Wanapoona wazazi wamesuluhishana kweli, mfadhaiko wao hupungua sana. Kwa hiyo, kama mligombana mbele ya watoto, msipatane chumbani tu. Patanani mahali watoto watakapoona. Baba akisema mezani, "Mama, jana nilisema kwa ukali, nisamehe," amemfundisha mtoto zaidi ya hotuba kumi.

Lakini pale penye kipigo, tusidanganyane. Hadithi ya mbwa haitamsaidia mtoto anayemwona mama yake akipigwa. Huyo anahitaji usalama kwanza. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani ipo kwa ajili hiyo, na kwa shida za mtoto ipo simu 116, ambayo haitozwi malipo.

JINSI YA KUMWELEZA MTOTO

1. Chagua wakati wa utulivu. Mtu hafundishwi kuogelea akiwa anazama. Mkiwa mnachambua mboga au mnatembea kwenda dukani, hapo ndipo pa kuanzia.

2. Simulia habari ya mbwa. Unaweza kusema hivi: "Mwanangu, ndani ya kichwa chako kuna mbwa mdogo anayekulinda. Akiona jambo la kutisha au la kuudhi hubweka, na ndipo moyo unapoenda mbio. Hapa nyuma ya paji la uso yuko mwenye nyumba. Yeye huangalia na kuamua la kufanya. Mwenye nyumba wako bado anakua, kwa hiyo mimi na baba yako tutamsaidia."

3. Itafuteni hisia mwilini. Muulize, "Mbwa wako akibweka, unasikia wapi?" Mmoja atasema tumboni, mwingine kifuani, mwingine kwenye ngumi zake. Mtoto anayeijua dalili ya kwanza anaweza kuja kukuambia mapema, kabla hajarusha jiwe.

4. Ipeni hisia jina. Mwaka 2007 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Los Angeles waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hisia. Watu walipoitaja hisia kwa jina lake, kazi ya amigdala ilipungua, na sehemu moja ya ubongo wa mbele ikaongeza kazi. Kulitaja jambo ni kumfungulia mwenye nyumba mlango. Na Kiswahili si maskini wa majina: hasira, hofu, huzuni, wivu, aibu, upweke, uchungu, mshangao, shauku. Mtoto anayejua kusema tu "nasikia vibaya" msaidie: "Je, ni hasira, au unaona wivu kwa sababu mtoto mchanga anabebwa kila wakati?" Usimkataze kwa kumwambia mwanamume halii. Mvulana naye ana mbwa wake, na asipofundishwa jina lingine, kila hisia yake ataiita hasira.

5. Mfundishe kupoza uji. Mwambie ashike viganja kama kikombe cha uji wa moto. Anuse harufu yake polepole kwa pua, kisha apulize taratibu kwa mdomo, mara tano au sita. Huu si mchezo mtupu. Mtu anapotoa pumzi polepole, mapigo ya moyo hupungua, na mbwa hupata habari kwamba hatari imepita.

6. Kisha ndipo mzungumzie kosa. Kuelewa hisia si kuachilia utovu wa adabu. Sema wazi: "Kukasirika si kosa. Kumpiga dada yako ni kosa. Wakati mwingine mbwa akibweka utafanya nini?" Mtoto anayefokewa au kuchapwa wakati mbwa anabweka hukumbuka zaidi woga kuliko fundisho.

Tena tukumbuke umri. Mtoto chini ya miaka 3 hahitaji maelezo, anahitaji kubebwa na kubembelezwa. Wa miaka 3 hadi 6 ataupenda mfano wa mbwa. Wa miaka 7 hadi 12 anaweza kuambiwa majina yenyewe, amigdala na adrenalini, naye atajivuna kuyajua. Kijana wa sekondari mweleze kwamba sehemu ya mbele ya ubongo wake bado inakamilishwa, ili ajifunze kungoja kabla ya kujibu ujumbe wa simu uliomuudhi. Na wote walale vya kutosha. Wataalamu hupendekeza saa 9 hadi 12 kwa wenye miaka 6 hadi 12, kwani mwenye nyumba aliyechoka hawezi kumdhibiti mbwa.

Ukiona woga au huzuni ya mtoto inaendelea wiki nyingi, hali vizuri, halali, anajikojolea ilhali alikuwa ameacha, au anasema afadhali asingekuwapo, usingoje. Mpeleke hospitali au kwa mshauri mwenye ujuzi. Hilo si aibu, kama vile kumpeleka mwenye malaria si aibu.

MASWALI YA KUJADILIANA, MUME NA MKE

1. Mbwa wangu hubwekea nini zaidi nyumbani: fedha, kazi, wakwe, au kudharauliwa? Na wa mwenzangu?
2. Mara ya mwisho tulipogombana, watoto walikuwa wapi? Je, walituona tukipatana?
3. Mtoto wetu anajua majina mangapi ya hisia? Tuyahesabu pamoja.
4. Tukubaliane neno moja au ishara moja ya kuonyeshana kwamba "mbwa amebweka, tungoje kidogo". Itakuwa ipi?

Jibuni maswali haya jioni moja wiki hii, watoto wakiwa wamekwisha kulala, na kwa sauti ya chini.